Wanja wa Bi Mwanapili

Msambweni,
3 Juni 1957

Mdogo wangu Abdurahman,

Salamu zako utazikuta chini, leo sina subira ya kuanza kwa utaratibu. Mbeyu anakojoa damu.

Mwanzo tulidhani ni joto la mwili. Mavyaa, Bi Mwanapili, alimpa maji ya dafu, akamchemshia na mizizi anayoijua mwenyewe, lakini damu haikukoma. Shemeji yako Boga alipokuja kutoka Ramisi, kiwandani, alinikaripia mpaka majirani wakatoka vibarazani. "Mtoto anatoka damu nawe unampa madafu!" Akampakia kwenye baiskeli moja kwa moja hadi zahanati. Dresa Garama, mhudumu wa pale, akasema ni kichocho, na kwamba amekipata bondeni, katika yale maji ya mpunga ambamo watoto hushinda wakiamia ndege. Aliyempeleka kuamia ndege ni mimi. Watoto wote wa huku huamia ndege, Abdu. Mbona akawa wangu?

Sasa anadungwa sindano za mshipa, leo anadungwa, kesho anapumzika. Mimi nimezaa, nimeugua, sindano nazijua, lakini hizi sijapata kuziona. Dawa ikiingia tu, mtoto anashikwa na kikohozi mpaka machozi yanamtiririka, halafu anatapika, halafu anasema kinywa chake kina ladha ya msumari. Garama ananiambia ndivyo dawa yenyewe ilivyo, nitulie. Kutulia! Angekuwa wake angetulia?

Nilimng'ang'ania aniambie jina la dawa. Akasema ni antimoni. Nikamfanya aniandikie kwenye karatasi ili nisikosee, na ndivyo nilivyonakili hapa: antimoni. Wewe ndiye uliyepelekwa bara kusoma sayansi. Niambie ni kitu gani hicho, na kama yafaa kumtia mtoto wa miaka minane. Nakuuliza wewe kwa sababu kila nimwulizaye huku jibu lake ni kwamba nitulie.

Salamu ndizo hizi. Mavyaa anakusalimu, Mbeyu anakuamkia, na anauliza kama huko bara kuna embe.

Dada yako,
Biasha

*

Shuleni, bara,
10 Juni 1957

Dada Biasha, shikamoo.

Barua yako imenifikia adhuhuri, na sikula chakula cha mchana. Nilikimbilia chumba cha sayansi nikasimama mbele ya chati.

Nikueleze hiyo chati, kwa maana huwezi kunielewa bila ya kuielewa. Ni jedwali kubwa linalofunika nusu ya ukuta, na ndani yake vimepangwa vitu vyote vya asili ambavyo dunia imetengenezwa navyo. Wenyewe wanaviita elementi. Havikupangwa ovyo. Vimepangwa koo kwa koo, kila ukoo na safu yake kutoka juu kwenda chini, na walio katika safu moja hufanana tabia. Safu ya kwanza ni ya sodiamu na potasiamu, madini laini unayoweza kuyakata kwa kisu cha jikoni. Huhifadhiwa ndani ya mafuta, kwani yakigusa maji tu yanachachatika na kuwaka moto. Nimeona kwa macho yangu! Safu ya mwisho ni ya gesi zisizojichanganya na yeyote, zile zinazotiwa katika taa za rangi za madukani mjini. Jirani zao ni klorini, ile ya kusafishia maji, na iodini, ile dawa ya kidonda inayowasha. Mwalimu wetu husema ukimjua mmoja katika ukoo, waweza kuwakisia wenziwe.

Basi nikaitafuta antimoni. Nikaiona. Juu yake, katika safu ileile, imekaa aseniki.

Dada, unaijua aseniki, ila hukuambiwa jina lake. Ndiyo dawa iliyomo katika josho la ng'ombe kule Taru. Unakumbuka mbuzi wa Mjomba Tsuma waliokunywa maji yaliyomwagika kando ya josho? Tulikuwa tumekwenda kumtembelea. Uliniziba macho kwa kanga lakini nilikwisha kuona walivyokuwa wakipiga miguu. Walitapika kwanza. Kabla ya lolote, walitapika.

Ni ukoo mmoja. Sijui Garama anajua au hajui. Mimi nimejua. Usimpeleke tena mtoto sindano mpaka nimwulize mwalimu, ambaye amesafiri na atarudi wiki ijayo.

Mwambie Mbeyu embe za huku ni chachu.

Nduguyo,
Abdurahman

*

Msambweni,
18 Juni 1957

Abdurahman,

Sindano nimezikomesha. Tangu siku niliyosoma barua yako Mbeyu hajakanyaga zahanati. Garama amekuja hapa nyumbani na baiskeli yake. Nilimficha mtoto kwa jirani, nikamwambia tumempeleka Majoreni kwa shangazi yake. Naye si mjinga, aliviona viatu vya Mbeyu vipo mlangoni. Akaniambia kwa upole, "Bi Biasha, kichocho kikiachwa huoza kibofu. Sindano zikikatwa katikati ni bure tupu." Akaondoka.

Sasa nifanye nini? Nikimpeleka, nawaona mbuzi wa Mjomba Tsuma. Nisipompeleka, naiona damu, na imezidi. Jana alikojoa huku akilia, amenishika kanga kwa meno. Boga hajui kitu. Yeye yuko Ramisi na anadhani sindano zinaendelea, na nikimwambia kwamba nimezikata kwa neno la mdogo wangu, wallahi atanirudisha kwetu. Mavyaa anajua, naye yuko upande wangu. Yeye tangu mwanzo hakuzipenda sindano, alisema mshipa wa mtoto si pa kuchezea.

Silali. Andika upesi, na uandike jambo moja linaloeleweka.

Biasha

*

Shuleni, bara,
25 Juni 1957

Dada yangu, shikamoo.

Mrudishe! Ukimaliza kusoma mstari huu vaa buibui lako umpeleke, barua utaimalizia njiani.

Mwalimu amerudi, na nilipomweleza nilichokuandikia alivua miwani. Kisha akanipeleka mbele ya chati. Akaniuliza, "Klorini ni nini?" Nikasema ni gesi ya sumu. "Sodiamu je?" Nikasema ni madini yanayowaka yakiguswa na maji. "Na zikiungana?" Jibu nilikuwa nalijua. Ni chumvi, dada. Ile uliyotia katika mchuzi leo. Akanifafanulia kwamba kufanana katika ukoo si kuwa kitu kimoja, na kwamba sumu na dawa mara nyingi hutofautiana kwa kipimo tu. Antimoni hupimwa kwa uzito wa mtoto, tone kwa tone, ili imuue mdudu kabla ya kumdhuru mwenye mwili. Kukohoa na kutapika kunatarajiwa. Garama alikwambia kweli, mimi ndiye niliyekutisha kwa elimu ya nusu.

Ili moyo wako utulie kabisa, nikwambie jambo ambalo mwalimu aliniambia huku akicheka sana. Hiyo antimoni si ngeni nyumbani kwetu. Tangu zama na zama wanja hutengenezwa kwa jiwe lake. Wanja uleule wa manga, alio nao mavyaa wako katika kidau chake, ambao mama alitupaka machoni tulipokuwa wachanga. Kwa hivyo usiiogope, ni kitu tulichokulia nacho.

Nisamehe. Na Mbeyu anisamehe.

Abdurahman

*

Msambweni,
16 Julai 1957

Mdogo wangu mpenzi,

Alhamdulillahi, umenipa usingizi! Idi imepita salama, tumechinja, na nyama yako tumeila kwa niaba yako, usitudai.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya mavyaa. Nilipofika pale penye wanja alinizuia. "Rudia hapo." Nikarudia. Akacheka mpaka akajifuta macho. Akasema, "Kumbe hivyo! Wanatutoboa mtoto mishipa kwa kitu kilichomo kabatini mwangu?" Na mimi, Abdu, nilicheka naye. Tangu mwezi uliopita sikuwa nimecheka.

Basi tumefanya hivi. Mavyaa ana jiwe zima la wanja, alilonunuliwa Mombasa na marehemu mumewe, halijatiwa unga wa mtu. Kila asubuhi anasaga kidogo, anachanganya na asali, anakamulia ndimu ili usimchefue, na Mbeyu anakunywa. Hatumzidishii, ni ncha ya kijiko tu, kwa vile umesema mambo yote ni kipimo. Hakohoi hata mara moja! Hatapiki, wala hamna sindano wala kulia. Garama amechoka kuja.

Damu bado ipo lakini mavyaa anasema dawa ya kunywa huenda polepole kuliko ya mshipa, na mimi naona ni kweli. Jambo moja tu ndilo linanipa wasiwasi kidogo. Mbeyu tumbo linamsokota, na choo kimemkataa. Chakula hataki, hata samaki wa kupaka aliokuwa akiwalilia. Amepauka uso. Mavyaa anasema ni wadudu wanaokufa tumboni, lazima wapiganie roho zao. Nilitaka kukuuliza ni siku ngapi hao wadudu huchukua mpaka waishe, ili nijue.

Boga sijamwambia bado. Nataka akija amkute mtoto mzima, ndipo nimwambie yote tucheke pamoja.

Dada yako,
Biasha

*

TELEGRAMU
22 Julai 1957

BOGA MWERO KIWANDA CHA SUKARI RAMISI. MBEYU ANANYWESHWA WANJA. NI SUMU. WAKOMESHE. MPELEKE HOSPITALI LEO LEO. ABDURAHMAN

*

Shuleni, bara,
22 Julai 1957

Dada Biasha,

Nimempelekea Boga telegramu kwa sababu barua hii itachelewa, na kiwandani kwake telegramu hufika siku ileile. Najua nimekufichua kwake. Hasira zako zote nitazipokea.

Usimpe tena! Mwaga, osha kile kijiko, fukia jiwe.

Barua yako imefika asubuhi hii. Nilikwenda kwa mwalimu nikamkatiza darasa. Alisoma yale maneno ya tumbo kusokota na choo kukataa, akasimama. Akauliza, "Nani amesema wanja wanaouza siku hizi ni antimoni?" Nikasema, "Ni wewe, mwalimu." Akasema, "Nilisema zama na zama."

Kuna mwenzetu kutoka Lamu aliye na wanja wa jiwe, aliopewa na mama yake. Tulisaga kidogo, tukauweka juu ya kipande cha makaa, mwalimu akaupulizia moto kwa mrija mpaka ukayeyuka na kuacha tone la madini jeupe. Akasema, "Antimoni ni ngumu na huvunjika. Ligonge." Nikaligonga kwa nyundo. Halikuvunjika, dada. Lilibonyea. Nikalishika kwa vidole likapinda, na nilipolikokota juu ya karatasi liliacha mstari wa kijivu.

Ni risasi. Risasi ya kutilia uzito nyavu. Haimo hata katika ukoo wa antimoni, iko safu ya pembeni, chini kabisa, katika ukoo wa makaa na bati. Mawe hayo mawili yanang'aa sawasawa, na wauzaji huuza lipatikanalo. Hatujui la Bi Mwanapili ni lipi, lakini tumbo la Mbeyu limekwisha kutuambia. Na ndimu ndiyo inayoifanya iyeyuke na kuingia mwilini.

Risasi haitoki upesi. Hupanda kichwani. Mwalimu hakutaka kuniambia zaidi, nami sikuthubutu kumwuliza.

Nimeomba ruhusa ya kuja nikanyimwa, kwani mitihani inaanza. Niandikie hata neno moja.

Abdurahman

*

Ramisi,
26 Julai 1957

Shemeji Abdurahman,

Telegramu yako niliitiwa ofisini nikaisoma mbele ya karani. Telegramu kwa watu kama sisi ni msiba, kwa hiyo wenzangu walikwisha kuvua kofia. Nikasoma "wanja." Nikaigeuza nyuma nione kama kuna maneno mengine.

Mke wangu alijua, mama yangu alijua, na wewe uliye huko bara ulijua. Baba mtu ndiye aliyekuwa hajui kwamba sindano zilikatwa tangu mwezi wa sita. Hilo tutalizungumza siku nyingine.

Nilimkuta Mbeyu amejikunja mkekani, tumbo gumu, hajui kama ni asubuhi au jioni. Nilimwita jina lake akaniamkia kama mtu mgeni. Njiani kwenda hospitali alishikwa na degedege mikononi mwangu. Dereva wa lori alikuwa akisoma Yasin kwa sauti, nami nikamwambia anyamaze, mtoto hajafa. Daktari alipouliza amekula nini, nilimwekea kidau cha wanja mezani. Wakampa haluli ya kumwendesha choo, na maziwa, na maziwa tena. Jana degedege haikurudi. Leo ameomba maji kwa jina langu, amesema, "Baba, maji." Ndipo nikapata nguvu ya kukuandikia.

Kuna jambo jingine. Niliporudi nyumbani kuchukua nguo nilimkuta mama anajaribu kuinua kikombe. Mikono yake yote miwili imelegea kutoka vifundoni, inaning'inia. Nikamwuliza, "Mama, una nini?" Akasema ni uzee umeingia. Nikamwuliza Biasha. Akalia. Kumbe kila asubuhi, kabla ya kumpa mjukuu wake, mama alikuwa akinywa kwanza yeye, mara tatu ya kipimo cha mtoto, ili ikiwa ina madhara yaanze kwake. Hakumwambia yeyote ila Biasha, akamwapisha asiseme.

Sasa sikiliza. Kichocho bado kipo. Daktari anasema mtoto akipata nguvu itabidi aanze upya sindano zile za antimoni, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Anataka niridhie. Wewe ndiwe msomi wetu. Nikubali au nikatae? Sitaki habari za koo na safu. Nataka neno moja.

Boga

*

Shuleni, bara,
31 Julai 1957

Shemeji Boga, shikamoo.

Kubali.

Ndilo neno ulilolitaka, nami ningeweza kuishia hapo. Lakini nimekwisha kuipa nyumba yako maneno yaliyokatwa nusu, na siwezi kukupa jingine. Sindano ile ni sumu kweli. Nilimwuliza mwalimu kwa kuapishana, akakiri kwamba wapo wagonjwa, wachache, ambao moyo uliwasimama sindano ikiwa bado mkononi. Kwa Mbeyu, aliyedhoofika hivyo, hofu ni kubwa zaidi. Na akasema pia kwamba dawa iliyo bora kuliko hiyo kwa kichocho hajaijua, na kwamba mtoto asiyetibiwa huharibika kibofu na figo kidogo kidogo mpaka mwisho.

Nimeyaweka yote mawili kwenye mizani na bado nasema kubali. Nasema huku naogopa, shemeji. Naogopa kuliko siku ya kwanza, wakati ule sikuwa najua kitu.

Mama Mwanapili mwombe asinyanyue vitu. Wakati mwingine mikono hurudi.

Abdurahman

*

Msambweni,
5 Agosti 1957

Abdurahman,

Boga aliisoma barua yako mara mbili, akaikunja, akasema, "Tutakubali." Kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko mpaka alasiri. Sikumfuata. Tangu siku ya telegramu hunisemesha kwa mambo ya lazima tu, na mimi sina la kujitetea.

Mbeyu ametoka hospitali, anatembea kwa kushika ukuta. Amesahau baadhi ya vitu. Sura za Kurani alizokuwa amehifadhi chuoni zimemtoka, anaanza moja anadakia nyingine. Jina lako analikumbuka.

Mavyaa hatujamwambia kwamba sumu ilikuwa jiwe lake. Daktari alitaka kumweleza, Boga akamkatalia. Mavyaa mwenyewe anaamini kwamba Mwenyezi Mungu ameuchukua ugonjwa wa mjukuu wake akauweka katika mikono yake yeye, kama alivyomwomba, na kila sala anashukuru. Ijumaa aliniita nimpake wanja kwa sababu hawezi kushika kijiti. Nilikwenda jikoni nikakwangua masizi ya taa, nikampaka hayo. Akaniuliza, "Ni ule wa jiwe langu?" Nikasema ndiyo. Sasa naogopa hata uongo wangu wa heri, maana hii yote ilianza kwa kufichana.

Sindano ya kwanza ni Jumatatu ya tarehe 19. Garama ametueleza kwamba safari hii mkono wa mtoto usitikisike hata kidogo. Mshipa wake umekuwa mwembamba, na dawa ikivujia nje huiunguza nyama mpaka ikaoza. Lazima mtu amshike kwa nguvu tangu mwanzo hadi mwisho, na aendelee kumshika hata akianza kukohoa, hata akisema anakufa. Boga amesema ataweza kila kitu isipokuwa hicho. Mimi nimejaribu kushika kijiko cha maji nimekimwaga. Mbeyu mwenyewe amesema mkono hautoi kwa yeyote.

Shule yenu inafungwa Ijumaa ya tarehe 16. Usituandikie tena kutueleza kitu. Panda gari moshi la jioni hiyohiyo, uvuke Likoni, uje umshike wewe.

Biasha